Majina Sitini: Gemu la Obra Dinn, Bwana Msa na Nishani za Zanzibar

Muhula uliopita chama chetu kilikuwa kinasoma Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla. Tulikutana kila Jumamosi nyumbani kwa mwanachama mmoja huko Hilliard, magharibi ya Columbus, kwa sababu mbili za maana: familia yake ina chumba kikubwa chini ya nyumba, na mama yake hakubali mwanafunzi aondoke bila kula. Jumamosi moja, tulipofika mahali ambapo Bwana Msa anashika kiko chake na kuanza kuunganisha mambo, mwenzetu mmoja akasema, "Hii ni kama lile gemu la merikebu." Wengi wetu hatukulijua. Akaliwasha. Riwaya ikawekwa kando, na tukikiri ukweli mbele ya walimu wetu, haikufunguliwa tena kwa wiki tatu.

Makala haya ni utetezi wetu. Tunataka kulitathmini gemu hilo, Return of the Obra Dinn, kama kazi ya upelelezi. Lakini lilitupeleka kwenye kisa cha historia ya pwani yetu ambacho hatukukitarajia, na humo ndimo tutakapokaa zaidi.

Gemu lilitungwa na Lucas Pope, Mmarekani anayeishi Japani, ambaye alifanya karibu kila kitu peke yake: programu, michoro, hadithi na muziki. Lilitoka Oktoba 2018, na mwaka uliofuata likapata tuzo kuu ya tamasha la watunzi huru wa michezo ya kompyuta, pamoja na tuzo mbili za BAFTA. Kisa chenyewe ni cha mwaka 1807. Merikebu ya biashara Obra Dinn, iliyoondoka London miaka mitano nyuma na kuhesabiwa kuwa imepotea, inaonekana ikielea Falmouth, Uingereza, tanga zimechanika na hakuna mtu hai ndani. Mchezaji ni mkaguzi wa bima wa Kampuni ya East India. Anatumwa melini na vitu viwili: kitabu, na saa ya mfukoni yenye maajabu.

Picha zote ni za rangi mbili tu, nyeupe na nyeusi, zikichorwa kwa vinukta kama kompyuta za kwanza za Macintosh. Mwenyeji wetu alisema zinamkumbusha seti kuukuu alizoziona katika Early Television Museum, jumba la televisheni za kale ambalo, kwa bahati, liko hapo hapo Hilliard. Mwenzetu mzaliwa wa Unguja hakukosa nafasi ya kutukumbusha kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilisubiri televisheni ya aina yoyote hadi miaka ya 1990. Tumeliandika hapa ili aridhike.

Sasa namna ya kucheza. Ukiona mifupa au maiti, unafungua saa. Kwanza giza, na sauti za sekunde chache za mwisho wa mtu yule: kelele, ubishi, mlio wa bastola, maneno ya lugha usiyoijua. Halafu mwanga unarudi na unajikuta umesimama katikati ya tukio lililoganda, kila mtu kama sanamu, moshi wa bunduki umekatikia hewani. Unaweza kuzunguka, kuinama, kuchungulia chumba cha pili. Huwezi kumuuliza mtu neno.

Kitabu ndicho gemu lenyewe. Kina orodha ya watu sitini waliokuwamo melini: nambari, jina, kazi na nchi ya kila mmoja. Kina pia michoro ya nyuso zote sitini. Kazi ya mkaguzi ni kuunganisha uso na jina, kisha kuandika mtu huyo alikufaje na kwa mkono wa nani. Hakuna anayekuambia umekosea. Ukipata watu watatu sawasawa, jina, kifo na muuaji, ndipo kitabu kinakubali na kuwapiga chapa. Mtunzi aliweka watatu ili kuzuia kubahatisha, na tutarudi kwenye jambo hilo kwa aibu kidogo.

Utamu wa gemu ni kwamba ushahidi karibu wote ni mdogo sana. Nani anabeba sahani kwenye chumba cha maafisa? Nani anamwita nani kaka? Kitanda cha turubai kinachoning'inia kina kibati chenye nambari, na nambari ile imo katika orodha. Wachina wanaopanda milingoti tuliwatofautisha kwa viatu vyao. Ilituchukua saa nzima na ugomvi mmoja. Maba, mtu wa New Guinea, tulimjua kwa chale za usoni, tukajiona wapelelezi wakubwa, hadi tulipogundua kwamba kila mchezaji duniani humpata huyo mapema.

Kasoro zipo. Mazimwi ya baharini yanatokea, ya miguu mingi na ya magamba, na kila yakitokea akili ya mpelelezi inapumzika kwa sababu muuaji anaonekana wazi. Hapo tulimkumbuka Abdulla. Katika Mzimu wa Watu wa Kale kila mtu anaamini mauaji ni kazi ya mzimu, na Bwana Msa peke yake anatafuta mkono wa binadamu. Pope amefanya kinyume: kaweka mazimwi kweli, lakini vifo vinavyouma zaidi ni vile ambavyo mtu alimfanyia mwenzake.

Asiyetaka kuharibiwa uhondo airuke aya hii. Miongoni mwa abiria kuna watu wanne kutoka Formosa, kisiwa tunachokiita leo Taiwan. Mmoja wao, mlinzi aitwaye Hok-Seng Lau, anashtakiwa kwa kumuua abiria Mwitaliano, na anapigwa risasi mbele ya wafanyakazi wote wa meli. Hakuua. Muuaji ni afisa wa meli, msaidizi wa pili wa nahodha, aliyepanga mambo yaonekane hivyo. Anayekufa kwa hukumu ya haki ni mgeni asiyeweza kujieleza kwa lugha ya wakubwa. Miaka mitano baadaye mkaguzi wa bima anaandika jina la muuaji wa kweli kitabuni, na hiyo ndiyo haki yote Lau anayoipata: mstari mmoja katika daftari la kampuni. Tulinyamaza kidogo chumbani pale. Kila mmoja wetu ana mzazi au mjomba aliyewahi kusimama mbele ya dawati akisubiri mkalimani ambaye hakufika.

Orodha ya majina ndiyo iliyotuingiza kwenye historia. Kuna mabaharia wanne wa India: Abraham Akbar, William Wasim, Soloman Syed na Renfred Rajub. Soma tena majina hayo polepole. Nusu ya kwanza ni ya Kiingereza au ya Biblia, nusu ya pili ni ya nyumbani, na nyumbani kwenyewe pameandikwa kwa sikio la karani. Wawili kati yao hufa kwa maradhi mapema, hata kabla vurugu halijaanza, na ni rahisi mchezaji kuwapita.

Mabaharia kama hao Waingereza waliwaita lascar. Neno hilo na neno letu askari ni ndugu: asili yake ni lashkar ya Kiajemi, yenye maana ya jeshi, na Waarabu waliligeuza kuwa askar. Kiongozi wa mabaharia hao aliitwa serang, ambaye sisi tunaye kamusini kama serahangi, na nahodha naye ametoka Uajemi kama hao wenzake. Kwa hiyo mtu wa pwani yetu anayeisoma orodha ya meli ya Bahari ya Hindi anaisoma kwa nusu ya lugha yake mwenyewe. Serahangi ndiye aliyewakusanya watu, akawaleta melini, akasimama kati yao na nahodha. Karani aliandika alichoambiwa na serahangi, alivyosikia, kwa herufi zake.

Katika orodha ya Obra Dinn Afrika ina baharia wa Sierra Leone, Hamadou Diom. Pwani yetu haina mtu. Katika historia walikuwapo. Manowari za Uingereza zilizozunguka Bahari ya Hindi katika karne ya 19 ziliajiri watu Zanzibar, Aden na Bombay, zikawaandika wote kwa jina la jumla, Seedie, kutokana na sidi, neno la heshima lililogeuzwa kuwa la kazi. Wenzao wa Afrika Magharibi, Wakru, waliwahi kuandikwa majina ya mzaha. Kuna aliyeingia daftarini kama Bottle of Beer, yaani Chupa ya Bia. Mtu huyo alipanda milingoti katika dhoruba, na pengine alikufa baharini, akiwa Chupa ya Bia.

Na sasa kile kisa. Namba sitini ndiyo iliyotukumbusha, kwa sababu tuliisoma mwaka jana katika somo la historia ya Afrika Mashariki na wengi wetu tukaipita.

David Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wa msafara wake wangeweza kumzika na kwenda zao. Badala yake waliupasua mwili, wakauzika moyo pale pale, wakaukausha mwili kwa jua na chumvi, wakaufunga kama mzigo na kuubeba hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874, baada ya safari ya miezi mingi iliyoua baadhi yao njiani. Kutoka Bagamoyo mwili ulivushwa Zanzibar kwa manowari. Wapagazi walilipwa mishahara yao na kuachishwa kazi. Tarehe 18 Aprili Livingstone alizikwa Westminster Abbey. Kati ya waliombeba, Jacob Wainwright, aliyesomeshwa katika shule ya wamisionari huko Nashik, India, ndiye aliyekuwapo. James Chuma na Abdullah Susi, waliouongoza msafara, walipelekwa Uingereza baadaye mwaka huo huo, maziko yakiwa yamekwisha, wakamsaidia Horace Waller kutayarisha shajara za mwisho za marehemu kwa ajili ya kuchapishwa.

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilitaka kuwashukuru. Kikaagiza nishani sitini za fedha zenye maneno yanayosema kwamba mwenye nishani alikuwa mwaminifu hadi mwisho, na kila moja ikachongwa jina la mtu wake. Nishani zikapelekwa Zanzibar, na kazi ya kuzigawa ikaangukia mikononi mwa ubalozi mdogo wa Uingereza.

Hebu fikirini kazi hiyo kama gemu. Mezani kuna nishani sitini, kila moja na jina. Nje kuna mji wa bandari wenye maelfu ya watu. Wapagazi walishatawanyika: wengine wamerudi bara na misafara mipya, maana Stanley naye aliondoka na msafara mkubwa mwishoni mwa 1874, wengine wako mashambani, wengine wamekufa. Na majina yenyewe ni ya namna gani? Zanzibar ya wakati ule ilijaa akina Mabruki, Baraka, Farjala, Uledi na Juma. Yalikuwa majina ya baraka na bahati ambayo mara nyingi mtu alipewa na aliyemnunua, si na aliyemzaa. Akija kijana mlangoni na kusema, "Mimi ndiye Mabruki," utamjuaje? Hakuna michoro ya nyuso. Hakuna saa ya mfukoni. Kuna watu wanaomjua, basi, ikiwa wewe uko tayari kuwauliza.

Tena chukueni wale wawili mashuhuri. Chuma alikuwa Myao aliyekombolewa kutoka kwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861, akiwa mtoto. James aliongezewa alipobatizwa Bombay. Susi alitoka Shupanga, kwenye mto Zambezi. Vitabu vinamtaja kama Abdullah Susi, na alipobatizwa Zanzibar mwaka 1886 akawa David. Mtu mmoja, majina matatu, na kila jina linakuambia wakati ule alikuwa mikononi mwa nani. Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza Burton, Speke, Stanley na Cameron, hana hata jina moja katika yale matatu lililotoka Uyaoni alikozaliwa. Sidi ni la baharini, Mubarak ni la utumwa, Bombay ni la mji aliopelekwa.

Hapo ndipo Abdulla alipoturudia, na tukafungua riwaya yetu tena.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Kabla ya kuwa mhariri wa magazeti alifanya kazi katika idara ya afya ya Zanzibar, kwa takriban miaka kumi, kama mkaguzi. Tunapenda kumwaza akiingia nyua za watu na daftari kwapani: kisima kiko wapi, wangapi wanalala chumba hiki, huyu mtoto ni wa nani. Hadithi yake ya kwanza ya Bwana Msa ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Lucas Pope naye ana mapenzi na wakaguzi. Kabla ya Obra Dinn alitunga Papers, Please, lililotoka 2013, ambamo mchezaji ni mkaguzi wa pasi mpakani, na kila siku anaamua nani aingie na nani arudishwe. Kwa hiyo tuna mkaguzi wa afya, mkaguzi wa pasi na mkaguzi wa bima. Upelelezi, kumbe, ni jamaa wa karibu wa ukarani.

Lakini njia zao ni mbili. Mkaguzi wa Pope huanza na karatasi na kutafuta mtu wa kuijaza. Bwana Msa hana orodha. Anakaa, anavuta kiko, anawaacha watu wazungumze, huku Najum akiona kila kitu na kutoelewa kitu, na Inspekta Seif akiwa na haraka zake. Siri katika visa vya Abdulla mara nyingi ni ya nasaba: nani mtoto wa nani, nani alimwoa nani kwa siri. Fumbo linafunguka pale Bwana Msa anapojua ukoo, na ukoo haumo katika karatasi, umo katika vinywa vya wazee. Waliomfuata waliiacha njia hiyo. Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha Elvis Musiba na Willy Gamba wake, Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, walihamia mijini, kwenye magari, simu na bastola, na wapelelezi wao hawana muda wa kuuliza mtu shangazi yake ni nani.

Kwa muda tuliona tumepata jibu zuri: karatasi ya mgeni inakosea, nasaba ya wenyeji inapatia. Tulikuwa tumeshaanza kuandika makala haya hivyo. Mwanachama mmoja, ambaye wazee wake walitoka bonde la Mto Juba nchini Somalia, na kabla ya hapo, vizazi vingi nyuma, walipelekwa huko kama watumwa kutoka kusini ya Afrika Mashariki, akatuuliza: Bwana Msa angemuuliza Mabruki nini? Mtoto wa nani? Mabruki angejibu nini?

Hatukuwa na jibu la haraka. Ulimwengu wa Abdulla, hata katika vitabu alivyochapisha miaka mingi baada ya mapinduzi ya 1964, ni Unguja ya zamani ya mabwana na mashamba. Huko nasaba ni mali, na wenye mali hiyo ndio wenye visa. Mtu aliyeletwa kwa jahazi akiwa mtoto hana mzee wa kumtaja. Karatasi ilimwandika vibaya, na nasaba haikumwandika kabisa. Ndiyo maana tunadhani kitabu cha James Juma Mbotela, Uhuru wa Watumwa, cha mwaka 1934, kinastahili kusomwa katika chama chetu pamoja na riwaya za upelelezi, ingawa hakina mpelelezi. Mbotela wa Frere Town, Mombasa, alisimulia habari za watu waliokamatwa bara, wakapakiwa jahazini, wakakombolewa na manowari na kushushwa Frere Town. Tuna maswali mengi juu ya namna anavyowasifu Waingereza. Hata hivyo pale, angalau, aliyeandika alikuwa mtu wa ukoo wa walioandikwa.

Tusijifanye kwamba mambo haya yalikwisha na merikebu za tanga. Hapa Columbus, kama kwa wenzetu wa Louisville na Buffalo, familia nyingi zinazosema Kiswahili zilipitia kambi: Kakuma, Dadaab, Nyarugusu. Katika chama chetu watu wanne wamezaliwa tarehe 1 Januari. Hawakuzaliwa siku hiyo; ni siku ambayo fomu hupewa mtu asiye na cheti. Tukiamua kuwafanyia sherehe tunafanya moja kwa wote, na keki inatosha. Mwanachama wetu kutoka Kivu ana ndugu watano, na kila mmoja ana jina lake la mwisho, kwa sababu kwao mtoto hupewa jina lake mwenyewe, harithi la baba. Katika ofisi moja aliambiwa athibitishe kuwa wadogo zake ni wadogo zake. Mwingine, jina la baba yake liligeuzwa kambini, la babu likatangulia, na sasa vyeti vyote vya familia vimefuata kosa lile. Kulisahihisha kunahitaji mahakama na pesa. Mzee amesema basi, na liwe hivyo. Barua za benki zinakuja kwa jina la marehemu baba yake.

Ndiyo maana tunalipenda gemu hili kuliko inavyostahili, pengine. Linakulazimisha ukae na mtu hadi ujue yeye ni nani. Huruhusiwi kuandika "baharia mmoja". Saa nzima juu ya viatu vya Wachina wanne ni upuuzi, lakini ni muda mwingi kuliko ambao karani yeyote wa Kampuni aliwahi kuwapa. Kama kuna mwanafunzi wa kompyuta anayetusoma, tunamwomba atutungie gemu la Bwana Msa, ambamo hakuna orodha, na ushahidi unapatikana kwa kusalimia kwanza. Usipomwamkia bibi mlangoni, hakuambii kitu. Ukimuuliza habari za watoto kabla ya habari za shamba, unapata jina la pili.

Tulimaliza Obra Dinn Jumamosi ya nne. Yale tuliyoahidi kukiri ni haya: Soloman Syed na Renfred Rajub, wale mabaharia wawili waliokufa kwa maradhi, hatukuwapambanua. Tulichoka. Tukaweka jina moja hapa na jingine pale, kitabu kikakaa kimya. Tukayabadilishana, chapa ikapigwa, wote wakapiga makofi. Ushahidi upo, tumeelezwa baadaye na mwenye gemu. Hatukuutafuta.

Baba wa mwenyeji wetu alikuwa ameshuka kuchukua viti, akasimama nyuma yetu akitazama ile orodha iliyojaa. Akauliza huyu Syed ni wa watu gani. Tukamwambia ni wa India tu, kitabu hakisemi zaidi. Akauliza tena, "Na kwao walipata habari?" Kisha akachukua viti vyake akapanda juu, maana chakula kilikuwa tayari.

Muhula ujao tutasoma Kisima cha Giningi, na baada yake Uhuru wa Watumwa. Mahali ni pale pale Hilliard, Jumamosi. Mwenye nakala ya ziada aje nayo. Tuna mbili tu, na moja imepotelewa na kurasa za mwisho, jambo baya sana kwa riwaya ya upelelezi.